Mundra, Kabla Mvua Haijafika

Wazanzibari wanaopenda historia wanalijua jina la Mundra. Kutoka mji huu mdogo wa pwani ya Kutch, magharibi ya India, ndiko ilikotokea nyumba ya Shivji Topan, Mabaniani wa kabila la Bhatia walioikodi forodha ya Unguja kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Jairam Shivji, wa nyumba hiyo, alimkusanyia Sultani Seyyid Said ushuru na kumkopesha fedha. Ushuru wa pembe na karafuu, na wa watumwa pia, ulipita mikononi mwa nyumba hiyo, jambo ambalo milango ya nakshi ya mji mkongwe wa Mundra haimsimulii mgeni. Milango yenyewe mtu wa Malindi ya Unguja angeipita bila kushtuka.

Ila mwezi Juni hapa hakuna anayezungumza historia. Watu wanazungumza tende.

Toka mjini uelekee kijiji cha Dhrab, mitende inakupokea pande zote mbili za barabara. Makole yananing'inia, mengine manjano, mengine mekundu kama damu ya mzee, na wakwezi wako juu na mundu. Tende za hapa hazingojwi ziive zikalainika. Pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikiyarudisha majahazi kutoka Unguja, huleta mvua mwishoni mwa Juni au Julai, na tende iliyolowa mtini huchacha na kuoza. Kwa hiyo hukatwa ikiwa bado ngumu, nayo huliwa hivyo hivyo, ikikatika menoni kama tunda bichi. Wenyeji huiita kharek. Nyingine ni tamu kama sukari guru, nyingine inakaba koo, kwa sababu mitende mingi ya zamani imeota kwa kokwa na kila mti una tabia yake. Mimi nilizipenda zaidi zile zenye ukakasi kidogo, na muuzaji akanicheka.

Kazi yenyewe huanza mapema mwanzoni mwa mwaka: mkwezi hukata karara la mtende dume, akapachika vijiti vya maua yake ndani ya karara la jike, mti mmoja baada ya mwingine. Siku hizi wenye uwezo wanapanda miche ya tende aina ya Barhi iliyozalishwa maabara, na mabomba ya kumwagilia kwa matone yanapita chini yake.

Mzee mmoja alinipeleka kisimani kwake. Alichota maji kwa kiganja, akanipa nionje. Yalikuwa na chumvi.

"Mtende unavumilia," alisema. "Mkomamanga hautaki."

Pampu zimevuta maji matamu kwa miaka mingi, na bahari inajaza nafasi yake kwa chini. Kusini ya kisima zinaonekana winchi za bandari iliyofunguliwa 1998, na mabomba ya moshi ya mtambo wa makaa wa megawati 4,000. Wavuvi na wakulima wa hapa walimshtaki mmoja wa wakopeshaji wa mtambo huo, shirika la fedha la kimataifa, hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Februari 2019 iliamua kwamba shirika hilo halina kinga kamili ya kutoshtakiwa. Walishinda hoja, kesi yenyewe ikatupwa baadaye katika mahakama za chini.

Nilimuuliza mzee kama wanawe wanalima. Mmoja yuko shambani, wa pili anaendesha lori la bandarini. Mshahara wa lori, alisema, ndio ulionunua mabomba ya matone.