Kinanda na Daftari

Washarika wa Kikole wananijua kwa vitu viwili: kinanda na daftari. Kwa kinanda, au kwa gitaa umeme unapokatika, naongoza kwaya, naalikwa kwenye harusi na misiba, na mara mbili tatu kwa mwaka tunasafiri kwenda kuimba Lindi au Mtwara. Kwa daftari nawafuata wazee majumbani, Wakristo na Waislamu, naandika wanayosimulia kuhusu mashetani, majini, mizimu na vibwengo. Kazi ya kwanza hainiletei maswali. Ya pili huniletea swali lile lile kila mwaka, mara kutoka kwa mzee wa kanisa, mara kutoka kwa mama wa Umoja wa Wanawake: "Mchungaji, mambo haya ya giza unayaandika ya nini?" Na jirani zetu wa pwani, ambao kwao kila mvaa kola ni padri, huuliza kwa namna yao: "Padri, na wewe wamekupanda?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lililotulia. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba katika nchi hii ya Kilwa ngoma na pepo havijawahi kukaa nyumba mbili. Anayetaka kumwimbia Mungu mahali hapa ni vizuri ajue ngoma zimekuwa zikimwita nani.

Mimi ni mtoto wa Old Moshi. Huko nilikulia kwenye tarumbeta za usharika, na huko nilisikia wazee wakimtaja Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Gutmann alihubiri, lakini pia aliketi na wazee wa Kichaga akaandika hadithi zao, sheria zao na desturi zao, kurasa kwa mamia. Baadaye nilipokwenda chuo cha theolojia Makumira nilikuta kumbukumbu ya mtu mwingine wa aina hiyo, Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha pale na kukusanya tuni za makabila yetu ili Kanisa lizitumie. Ndipo tulipopata kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Na "Mfurahini, Haleluya", wimbo wa Pasaka unaoimbwa leo hata na Walutheri wa Ulaya na Marekani, uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa alipokuwa bado mwanafunzi Makumira. Kwa hiyo sikuanzisha jambo jipya. Walionitangulia walijua kwamba mwimbaji wa Kanisa anahitaji masikio kabla ya sauti.

Nilipotumwa pwani, nilikuja na masikio ya mlimani. Usiku wa kwanza nilisikia ngoma kwa mbali, nikadhani ni harusi. Mwinjilisti wetu akatikisa kichwa. "Hapana, Baba Mchungaji. Pale wanapunga."

Wenyeji wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini washarika wa bara huenda hawajui. Mtu anapougua ugonjwa usioeleweka, wapo wanaosema amepandwa na pepo. Mganga huitwa, ubani hufukizwa, na ngoma hupigwa mpaka pepo apande kichwani, aseme jina lake na anachotaka: kitambaa cha rangi fulani, mbuzi, chano cha vyakula na marashi. Mgonjwa huitwa kiti, kwa sababu pepo amemkalia. Na kila pepo ana ngoma yake. Ikipigwa isiyo yake, hanyanyuki. Mambo haya si mapya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaeleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Wala tusidhani kwamba ni dini ya Waislamu. Shehe wa hapa kwetu analalamika juu ya ngoma hizo kama ninavyolalamika mimi, na mara nyingine tumelalamika pamoja, tukinywa kahawa.

Baada ya kuelewa hivyo niliona kwamba mwalimu wa kwaya katika Kikole anafanya kazi katika shamba lenye mipaka isiyoonekana. Mdundo kwangu ni hesabu: nne kwa nne, au sita kwa nane. Kwa mtu aliyeketi benchi la nyuma unaweza kuwa jina.

Jambo hili lilitujia wazi wakati wa kujiandaa kwa Pasaka moja. Vijana walitunga wimbo mzuri wa ufufuo, na wakaona kinanda kimezoeleka mno. Wakaleta ngoma mbili na kayamba, na kijana mmoja akapiga mdundo alioukulia kijijini. Kwaya nzima ikaamka. Mimi niliutambua mdundo ule, kwa kuwa ulikuwa katika daftari langu la tatu, pamoja na jina la pepo ambaye watu husema ni wake. Nikawaambia vijana tusiuamue siku hiyo.

Baraza la wazee liligawanyika. Mmoja alisema ngoma ni ngozi ya mbuzi na kipande cha mti, vyote viumbe vya Mungu, wala shetani hana mbuzi. Mwingine alisema ngoma zote zitoke kanisani kabisa, zibaki kinanda na tarumbeta. Kila mmoja alikuwa na neno la Biblia. Nikaomba ruhusa ya kumwuliza mtu ambaye hakuwa katika baraza: bibi mmoja aliyebatizwa akiwa na umri wa miaka sitini na kitu, ambaye kabla ya hapo alikuwa kiti kwa miaka mingi. Kila mwaka alipungwa, na kila mwaka aliuza kitu ili apungwe, mpaka mikorosho ya marehemu mumewe ikaisha.

Nilimkuta akichambua mchele. Nikampa shikamoo, nikampigia mdundo ule kwa vidole juu ya kigoda, polepole. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Baba Mchungaji," akasema, "watoto wale wanaimba kwa midomo. Mimi ngoma hiyo inaniita jina."

"Jina lipi, bibi?"

"Si la ubatizo."

Tukauacha mdundo ule. Hatukuziacha ngoma. Vijana walitafuta mdundo wa mavuno, ambao bibi mwenyewe aliupima na kuucheka kwa furaha, na Pasaka ile ngoma zililia kanisani mpaka vumbi likatimka. Mtume Paulo alikutana na jambo hili huko Korintho, walipobishana juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu (1 Wakorintho 8). Hakusema nyama ina nguvu. Alisema yuko ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake, na uhuru wangu usimkwaze huyo. Mdundo wenyewe hauna nguvu. Lakini bibi ana jina, na jina lile lilinunuliwa kwa damu. Bila kinanda vijana wasingekuwa na wimbo, na bila daftari tungeuimba wimbo ule kwa furaha huku mmoja wetu akiburutwa kurudi alikotoka.

Biblia nayo haitenganishi mambo haya. Daudi alipiga kinubi, na roho mbaya ikamwacha Sauli akapata nafuu (1 Samweli 16). Elisha alipohitaji kusikia neno la Bwana aliomba kwanza aletewe mpiga kinanda (2 Wafalme 3). Martin Luther, aliyekuwa mpigaji mzuri wa zeze la nyuzi nyingi, alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl mwaka 1530 kwamba baada ya theolojia hakuna kitu cha kulinganishwa na muziki, na kwamba ibilisi huukimbia. Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha Sauli akienda usiku kwa mwanamke wa Endori kutafuta sauti ya mfu (1 Samweli 28). Sauli alikwenda ili aongozwe na mfu. Paulo alipozunguka Athene alizitazama madhabahu zao kwa makini (Matendo 17), ili ajue anaongea na watu gani. Daftari langu linataka kumfuata Paulo.

Na nimejifunza kwamba ndani ya hadithi ya pepo mara nyingi kuna jambo la watu ambalo halikupata mahali pengine pa kukaa. Tazameni habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kaskazini ya hapa. Wazee walisimulia kwamba alipandwa na pepo Hongo, akazama katika bwawa, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Ukiisikia juu juu utasema ni ngano. Lakini watu walioamini maji yake walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu, wanatozwa kodi na kuchapwa viboko. Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete. Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita vikaendelea hadi 1907, na kwa makadirio ya wanahistoria waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Tunayajua mengi ya haya kwa sababu katika miaka ya 1960 Gilbert Gwassa alikwenda kuketi na wazee waliokuwa bado hai, akaandika. Angewacheka kwa ajili ya bwawa, wasingemweleza habari za viboko.

Hapa kwetu pia ni hivyo. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hii ikielekea Kilwa Kivinje. Mzee mmoja alinionyesha mbuyu ambao watu hawapiti chini yake usiku wakipiga mluzi. Alisema ukinyamaza utasikia watu wanahesabiwa. Sikumwuliza kama ni kweli. Nilimwuliza hesabu huishia ngapi.

"Hawajamaliza," akasema.

Niliandika neno hilo, nikafunga daftari, sikuandika lingine siku ile. Wiki kadhaa baadaye, tulipokaribia Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, tunapowakumbuka waliotutangulia, nililipeleka kwa kwaya kwa idhini ya mzee yule. Tukatunga wimbo kutoka Yohana 10, juu ya Mchungaji Mwema awaitaye kondoo wake kwa majina. Wafanyabiashara wa Kivinje waliwahesabu watu, na pepo huwapa watu majina yake mwenyewe. Kristo anatuita kwa jina letu, hata yule ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake. Mzee alikuja kusikiliza, akasimama nje dirishani na kofia yake kichwani, mpaka mwisho.

Sasa, mtu mmoja anawezaje kubeba vyote viwili bila kuanguka upande mmoja? Nimejiwekea mipaka michache. Siingii kilingeni na chombo cha muziki. Mganga mmoja alinialika nipige gitaa, akataja malipo yanayozidi sadaka ya Jumapili yetu. Nikamwambia gitaa hili lina mwenyewe. Sipeleki hadithi ya mtu mimbarani bila ruhusa yake, wala sisimulii mashetani ili watu wasisimke, kwa maana hofu hujaza kanisa haraka, na hulifukuzia watu haraka vile vile. Kwa sababu hiyo nilikataa pia niliposhauriwa na Mkristo mwenzangu kufunga spika kubwa na kuwatoa mapepo hadharani ili tupate watu. Mgonjwa tunamwombea, tunamkalia karibu, na tunampeleka zahanati. Nina ratiba pia: Jumanne na Alhamisi ni za kwaya, Jumatano alasiri ni ya wazee, na Jumamosi asubuhi ni ya nyumbani, ambapo mke wangu haruhusu kinanda wala kibwengo. Na kila ninapofunga daftari naimba, hata kama ni ubeti mmoja njiani. Si kwa kuogopa kilichoandikwa. Ni kwa sababu aliyesikiliza huzuni ya watu saa tatu anahitaji kukumbuka ushindi ni wa nani.

Yohana anatuagiza tuzijaribu roho (1 Yohana 4). Kujaribu ni kazi ya mtu aliyekaribia, akasikia, akapima. Anayecheka hajaribu kitu, na anayekimbia vile vile. Basi, wapendwa, nawasihi mambo mawili. Katika kila usharika yupo mzee ambaye hajawahi kuulizwa anaogopa nini. Mwulizeni, na mkae mpaka amalize. Na kabla kwaya haijaleta mdundo mpya kanisani, atafutwe yule wa benchi la nyuma, apigiwe polepole kwa vidole, na mikono yake itazamwe.

Bibi yetu sasa yuko katika sauti ya pili. Hajui kusoma, kwa hiyo hujifunza nyimbo kwa kusikia, na akishika tuni haiachi. Katika orodha ya kwaya jina lake, lile la ubatizo, ni la nne kutoka juu.