Umekosea, ila hatukuambii wapi

Jamani, leo hebu tuzungumze kuhusu fomu za kwenye intaneti. Najua mada hii haina utamu wa siasa wala soka, lakini siku hizi kazi, chuo na leseni vyote vinapitia humo. Unajaza visanduku thelathini, unabofya "Tuma", ukurasa unarudi na maandishi mekundu: "Tafadhali rekebisha makosa." Makosa gani? Yako wapi? Kimya.

Sisi tunaoandika habari tunawajua wahariri wa aina mbili. Kuna anayekurudishia stori na kukuambia "ina makosa, kaandike upya", halafu anaendelea na chai yake. Na kuna anayezungushia kalamu nyekundu aya ya nne na kuandika pembeni: "jina la mkuu wa wilaya limekosewa." Wote wawili wamekukosoa, lakini ni mmoja tu aliyekusaidia.

Fomu nyingi tunazojaza ni za yule mhariri wa kwanza.

Nina rafiki yangu asiyeona. Kompyuta anaitumia kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, kisha akaungana na mwenzake James Teh, nao hawaoni. Mwaka jana aliomba kazi kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Siku ya mwisho, saa nne usiku, akanipigia: "Kaka, hii fomu inanikataa na haisemi kwa nini." Nikapanda bodaboda mpaka kwake.

Kufika, nikaona tatizo mara moja, kwa sababu mimi naona. Kisanduku cha namba ya kitambulisho cha taifa kilikuwa na mstari mwekundu pembeni. Basi, hakuna neno hata moja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na mara nyingi huandikwa kwa makundi yanayotenganishwa na vistari. Fomu ilitaka tarakimu tupu. Mwenzangu alikuwa ameweka vistari, akatuma mara saba, na mara zote saba mashine ikamjibu kwa rangi. Tukavifuta, ikapita saa sita kasoro dakika kumi.

Kilichonikera ni kwamba dawa ipo, tena ni rahisi. Mwongozo wa kimataifa wa W3C uitwao WCAG, tangu toleo la 2.0 la Desemba 2008, unataka mfumo ukigundua kosa ukitaje kisanduku chenye kosa na ulieleze kosa lenyewe kwa maandishi. Unakataza pia kutegemea rangi peke yake. Na kati ya mbinu unazozipendekeza ni kumpa mtu njia ya kuruka moja kwa moja hadi kwenye kosa.

Njia hiyo ni kiungo cha kubofya. Tazameni wanavyofanya serikali ya Uingereza kwenye GOV.UK. Ukikosea, juu ya ukurasa linatokea sanduku lenye mpaka mwekundu na orodha ya makosa yote. Kila kosa ni kiungo. Ukikibofya kinakushusha hadi kwenye kisanduku husika, tayari kuandika. Maneno yaleyale yanarudiwa pale pale kwenye kisanduku, na ulivyojaza kwingine havifutwi. Ukurasa ukifunguka tena, programu ya kusoma skrini inapelekwa kwanza kwenye orodha hiyo. Rafiki yangu angeisikia, angebonyeza, angerekebisha, angelala.

Kiufundi si muujiza. Kila kisanduku kinapewa kitambulisho chake ndani ya ukurasa, na kiungo kinaanza na alama ya reli (#) ikifuatiwa na kitambulisho hicho. Kivinjari kinafanya yaliyobaki. Na faida si ya wasioona tu. Mwenye simu ya kioo kidogo, aliyesimama kwenye daladala na bando linalokaribia kuisha, naye hana muda wa kusaka mstari mwekundu.

Kuna kiungo cha aina ya pili, kinachokupeleka nje ya fomu. Mfano: "Barua pepe hii tayari ina akaunti. Ingia hapa au badilisha nywila." Kinasaidia sana, ila kina mitego. Kwanza, kikikuhamisha ukurasa kabla fomu haijahifadhiwa, ulichoandika kinaweza kupotea. Pili, kinamwambia mtu yeyote kwamba barua pepe fulani imesajiliwa pale. Kwa duka la viatu si neno, lakini kwa huduma ya afya ni siri ya mtu.

Rafiki zangu waandika programu huwa na utetezi wao: mfumo hauruhusu viungo ndani ya ujumbe wa kosa, ukiviweka vinatokea kama msimbo mtupu. Ni kweli, na kuna sababu. Ujumbe mwingine hurudia alichoandika mtumiaji, na mtu mbaya anaweza kupenyeza msimbo wake humo. Lakini jibu si kuviacha viungo. Maandishi ya mtumiaji yaendelee kusafishwa, na kiungo kiwekwe na tovuti yenyewe kwenye maneno iliyoyaandika yenyewe. Hiyo ni kazi ya saa chache.

Na kwa suala la vistari, mashine inaweza kuviondoa yenyewe bila kumsumbua mtu. Vivyo hivyo namba ya simu: 07 au +255, mtu ni yuleyule.

Rafiki yangu alikuwa na sifa zote za kazi ile. Usiku ule karibu azuiwe na vistari vitatu. Wangapi hawakuwa na mtu wa kumpigia saa nne usiku? Hao hawakuandika barua ya malalamiko. Kwenye orodha ya waombaji hawamo, basi, na taasisi inadhani hawakutaka kazi.