Tulipocheza Gofu Entebbe

Mkisikia kwamba mkatekista wa Ibanda alicheza gofu, bila shaka mtacheka, na hatuwalaumu. Huku Bukavu mchezo wetu ni mpira wa miguu, na katika vilima vya Panzi mpira ukikuponyoka huna budi kuufuata mpaka bondeni. Hata hivyo tulicheza, mashimo tisa kamili, siku ya Alhamisi tarehe 6 Juni 2019, huko Entebbe katika nchi ya Uganda. Twataka kuwaeleza habari hiyo, maana iko sehemu yake ambayo hatujaisimulia mpaka leo.

Tulikuwa tumetoka hija ya Namugongo. Wahujaji wa kwetu tulipanda meli hadi Goma, tukapita Bunagana, ambapo kwa ajili ya ugonjwa wa Ebola wa wakati ule kila msafiri alinawishwa mikono na kupimwa joto la mwili, kisha tukapanda basi mpaka Kampala. Baada ya sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, tulishuka Entebbe ili tuone Kigungu, mahali walipofika Padri Lourdel na Bruda Amans kwa mtumbwi tarehe 17 Februari 1879. Huko tulikaribishwa na bwana mmoja mzaliwa wa Bukavu, mwenye biashara yake Entebbe. Naye alikuwa mpenzi wa gofu.

Uwanja wenyewe ni mzuri mno. Ulianzishwa tangu zamani za Waingereza, Entebbe ilipokuwa makao ya serikali yao, nao umelala katika mteremko wa kuelekea ziwa Victoria, si mbali na ile bustani kubwa ya mimea. Majani yamekatwa hata yanafanana na mkeka. Miti mikubwa imesimama huku na huku, tumbili wanacheza juu yake, na korongo wale wenye upara wanatembea polepole kama wazee wanaotoka barazani. Ukiinua macho waona maji ya ziwa hayana mwisho. Kwetu Ibanda tukitazama ziwa Kivu twaona milima ng'ambo. Kule hakuna ng'ambo. Tulisimama kitambo, tukasahau fimbo mkononi.

Lakini uzuri huo una hila. Mteremko unaokufurahisha macho ndio unaouchukua mpira wako mahali usipopataka. Mpira wenyewe haufiki gramu 46, na shimo halifiki sentimeta 11 kwa upana, nalo liko mbali sana, pengine hata bendera yake huioni. Mchezaji aweza kuchukua fimbo 14, kila moja na kazi yake. Kila pigo lahesabiwa, hata lile la kukosa, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Uwanja mzima una mashimo 18. Huko Jinja, kwenye mto Nile, wana sheria yao kwamba mpira ukiangukia katika wayo wa kiboko waweza kuutoa bila adhabu. Entebbe hatukuona kiboko. Makosa yote yalikuwa yetu.

Jambo moja lilitushangaza kuliko yote: mchezo huu hauna mwamuzi wa kukufuata. Mchezaji mwenyewe husema amepiga mara ngapi. Bwana yule alitusimulia habari za Mmarekani Bobby Jones. Katika mashindano makubwa ya Marekani mwaka 1925 mpira wake ulisogea kidogo tu, bila mtu mwingine kuona. Akajitoza pigo moja mwenyewe. Mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakarudia kucheza, na Jones akashindwa. Tulimsikiliza huku tukitikisa kichwa kwa kusifu, kama tunavyofanya watu wote tusikiapo wema wa mtu mwingine.

Siku mbili alitufundisha kushika fimbo. Ya tatu akasema, “Mwalimu, mkimaliza mashimo tisa kwa mapigo yasiyozidi 80, nitawanunulia watoto wenu mabati 30.” Maana wahujaji wenzetu walikuwa wamemweleza jinsi mvua ya upepo ilivyoezua chumba cha mafundisho katika kigango chetu, na watoto wa Komunyo ya kwanza walisomea chini ya turubai. Wenzetu walipiga makofi, kisha wakaenda sokoni.

Kijana wa kutubebea fimbo, ambaye wao humwita kedi, alitutazama sana, ndipo akasema kwa Kiswahili cha kwetu, “Mwalimu, hamnikumbuki?” Kumbe! Alikuwa mtoto wetu wa mafundisho, aliyehama na wazazi wake. Sisi tulipotoka seminari ndogo na kuanza kazi ya ukatekista, yeye alikuwa katika kundi letu la kwanza. Tulimfundisha kuchunguza dhamiri kwa vidole: mawazo, maneno, matendo, na kutotimiza wajibu.

Shimo la kwanza tulipiga mara 11. Tatu kati ya hizo hatukuugusa mpira. La pili 9, la tatu 8, la nne 10. Kijana aliandika yote. Kisha mikono ikalegea kidogo, tukapata 7, halafu 9. Tukaanza kuona mabati mbele ya macho.

Katika shimo la saba mpira uliingia chini ya mti, katikati ya mizizi miwili. Bwana alikuwa ng'ambo akiutafuta wa kwake. Sheria ni kwamba ukishindwa kuucheza mpira ulipo, waweza kuutoa hapo kwa kujitoza pigo moja. Hilo tulilijua, alikuwa ametueleza asubuhi ile ile. Lakini tuliona pigo moja ni ghali. Tukatazama kulia, tukatazama kushoto, tukausukuma kwa ncha ya kiatu, kiasi cha shibiri mbili tu, mpaka kwenye majani mazuri. Tulipoinua macho, kijana alikuwa amesimama nyuma ya mti na mfuko wa fimbo begani. Akainamisha uso.

Tulipomaliza shimo akauliza, “Mwalimu, niandike ngapi?”

Tukasema, “Nane.”

Akaandika nane. Shimo la nane lilikuwa 8 pia, na la tisa 9. Jumla 79. Bwana akatushika mikono yote miwili kwa furaha, akaagiza chai, akatoa karatasi aandike hesabu ya mabati. Ndipo kijana akaja kuaga. “Nisalimieni watoto,” akasema. “Waambieni wajifunze vema kuungama.” Hatujui kama alisema hivyo kwa makusudi. Alikuwa na uso wa upole vile vile kama alipokuwa mtoto.

Kalamu ya bwana ilikuwa imekwisha kuandika “mabati” tulipomwambia. Alitusikiliza bila kukunja uso. Kuusogeza mpira kwa makusudi na kuucheza pale ni adhabu ya mapigo mawili, akasema. Basi ni 81. Kisha akacheka kidogo kwa huzuni. “Mngejitoza lile pigo moja la haki, Mwalimu, mngefika 80, na mabati yangekuwa yenu.” Akaikunja karatasi, akatumiminia chai.

Hapo ndipo wengi wangependa habari iishie, nasi pia. Lakini tuliporudi nyumbani wahujaji waliuliza mabati yako wapi, maana walikuwa wamekwisha kuwaambia watu wote. Tulijibu, “Jambo hilo halikuwezekana.” Watu wakajaza wenyewe yaliyobaki: kwamba tajiri wa Entebbe ana maneno mengi na mkono mfupi. Tuliwasikia wakisema hivyo mbele ya kanisa, tukanyamaza. Waamini wakachanga, bati moja moja, na mwaka 2020 chumba kikaezekwa.

Mwaka 2022 bwana yule alikuja Bukavu kumzika mama yake. Baadhi ya watu wa kigango hawakwenda msibani, na tulijua sababu. Sisi tulikwenda. Alituuliza habari za watoto, akauliza kama chumba kimepata paa, akafurahi kusikia kwamba kimepata. Hakuuliza kwa nini viti vingine vilikuwa vitupu, wala sisi hatukumwambia.

Basi, ninyi mliochanga kwa ajili ya lile paa, hesabu ya siku ile ni hii: mapigo 79 tuliyoyataja, na mawili juu yake. Bwana yule hakuvunja ahadi yake.