Fundi wa Chini ya Mbao

Kutandika mbao sakafuni nilifundishwa na seremala wa Tanga aliyezoea mitiki ya Longuza, lakini somo lake la kwanza halikuhusu mbao. Alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge sakafu nzima, shubiri kwa shubiri, huku nimetega sikio. Palipoitika kama debe tupu tulipiga chaki: hapo sakafu imeachana na jamvi, haina budi kuvunjwa.

Tangu hapo nimeingia nyumba nyingi za Upanga na Oysterbay, na tajiri ni yule yule. Ameshanunua mninga, anaupapasa, anataka kuukanyaga kabla ya Idi. Zege halimhusu.

Na zege la zamani lina mambo yake. Majamvi mengi niliyoyafukua ya nyumba za miaka ya 1950 yalimwagwa juu ya kifusi bila nailoni chini, na Dar es Salaam maji hayako mbali. Yanapanda taratibu kupitia vitundu vya zege. Sakafu ikiwa wazi unyevu unajitokea zake, hakuna anayejua. Ukishaifunika, unaingia kwenye mbao. Kibao kinavimba upande wa chini, kingo zinainuka, katikati panabaki bonde. Hapo utaambiwa uliweka mbao mbichi.

Ndiyo maana nabandika kwanza kipande cha nailoni nzito, tepu pande zote nne, kwenye kona isiyopigwa jua, nakiacha mpaka kesho. Nikikuta umande kwa ndani, au zege limekoza rangi, mbao zinasubiri. Nailoni kavu nayo haimalizi maneno, hasa wakati wa kiangazi. Kipimo cha kuaminika ni kutoboa zege na kuzamisha kidude cha kupimia. Gundi nyingi hazitaki unyevu humo uvuke asilimia 75. Ukizidi, napaka epoksi ya kuzuia unyevu kabla ya kitu kingine chochote.

Upanga nilimkuta mama mmoja mwenye sakafu ya niru nyekundu, inang'aa utajiona.

"Fundi, hii nimeipiga nta tangu naolewa. Leo uje uikwangue?"

"Mama, hiyo nta ndiyo itakayoikataa gundi."

Nilidondosha tone la maji, likakaa mviringo kama shanga. Nikasaga mahali padogo, nikadondosha tena, likanywewa palepale. Alitazama muda.

"Na wekundu wake?"

"Uko ndani ya niru, mama. Utaondoka nayo."

Akamwita mwanawe aipige picha kwanza.

Kusaga ndiko kunakochosha. Vumbi la zege lina silika, likishatua mapafuni halitoki, na kujifunga kanga mdomoni ni kujidanganya tu. Vijana wangu wanavaa barakoa za chujio, mashine inafungwa bomba la kufyonza vumbi. Kisha nalaza bao la mita 2 sakafuni na kumulika tochi kwa nyuma: mwanga ukipenya pengo la zaidi ya milimita 3, kilima kinasagwa, bonde linajazwa.

Makadirio yangu yana mistari miwili, wa zege na wa mbao. Wengi huchukua kalamu wakaukata ule wa kwanza. Huwa nawarudishia karatasi yao pamoja na funguo za nyumba.