Neema ya Baridi

Ndugu msomaji, safari ya Tabora ilinifikisha kwenye kiduka cha aiskrimu kando ya barabara. Jua lilikuwa kali. Nikapewa koni, ubaridi ukashuka kifuani, nikasema Alhamdulillahi. Punde si punde nikaanza kunung'unika: koni ndogo, sukari haikukolea.

Mara akasimama kijana wa mkokoteni, jasho likimchuruzika, akaomba maji. Mimi niliinamisha macho kama sikusikia. Muuzaji akamjazia bilauri mbili za maji baridi, wala hakutaka senti.

Hapo nikakumbuka nilipokaa. Tabora ni mji wa njia ya misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba. Wapagazi wa njia ile walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, na wako walioshushwa pwani na minyororo shingoni. Kwao funda la maji lilikuwa karamu. Mimi nimefika nimekaa kitako, nimekula baridi, na bado nalalamika, tena namnyima mwenye kiu hata jicho!

Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratut Takaathur kwamba tutaulizwa juu ya neema. Nawe ndugu yangu, mafriji yamejaa majumbani mwetu pwani. Mchukuzi akibisha mlangoni kwako adhuhuri, atapewa maji ya baridi au ya mferejini? Jibu tulitayarishe leo, kabla hatujaulizwa.

Wabillahi tawfiq.