Fremu ya Euro Tano

Mimi ni mtu wa kupenda vitu vya zamani. Nikienda Memorial pale Moshi kutafuta nguo za wajukuu, miguu hunipeleka kwenye meza za vyombo, na narudi na jagi la enameli au pasi ya mkaa ambayo hakuna anayeihitaji. Binti yangu husema sebule yangu imekuwa stoo. Kwa hiyo washarika wanane tulipoalikwa na usharika rafiki huko Leipzig, Ujerumani, na mwenyeji wangu akaniuliza ningependa kuona nini siku ya mapumziko, sikufikiri mara mbili. Nilimwambia, "Mama, nipeleke kwenye soko la vitu vya kale."

Msomaji asidhani kwamba hatukuona mambo makubwa. Tuliingia Kanisa la Mtakatifu Thoma, alikofanya kazi Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo ndani. Tulikaa kwenye viti vya Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambako watu walikutana kila Jumatatu kuombea amani, mpaka jioni ile ya tarehe 9 Oktoba 1989 walipotembea barabarani kwa makumi ya maelfu, na hakuna risasi iliyopigwa. Tulifika pia kwenye nyumba ya Misheni ya Leipzig, iliyowatuma wale walioanza kazi Machame mwaka 1893. Nilishukuru kwa yote hayo. Lakini neno ambalo Mungu alitaka kunieleza mimi binafsi, alinieleza sokoni, mbele ya boksi la fremu kuukuu.

Wajerumani huliita soko la namna hiyo soko la viroboto. Hili tulilokwenda hufanyika mwishoni mwa mwezi, kusini mwa mji, kwenye viwanja ambavyo wakati wa serikali ya Ujerumani Mashariki vilitumika kwa maonyesho ya kilimo. Tulipanda tramu asubuhi na mapema, kwa sababu mwenyeji wangu alisema wanunuzi wenyewe hufika na tochi kabla jua halijachomoza. Tulipofika, nilisimama nikashangaa. Meza zilikuwa nyingi kupita macho yangu: saa, vinanda, midoli, medali za vita, magodoro ya chuma, cherehani za Singer kama ile ya mama yangu, masanduku ya picha za watu wasiojulikana.

Mwenyeji wangu alinifundisha jambo la kwanza: kabla hujauliza bei, geuza kitu uangalie chini. Kijiko cha fedha cha Kijerumani, kama kimetengenezwa tangu mwaka 1888, hupigwa alama ya mwezi mchanga na taji, na pembeni namba, mara nyingi 800, maana yake katika sehemu elfu moja, mia nane ni fedha halisi. Kikombe cha Meissen, kiwanda kilichoanza mwaka 1710, kina panga mbili za bluu zilizopishana. Akanionyesha sahani moja ambayo juu ya zile panga palikuwa na mkwaruzo mwembamba. Nikadhani imekwaruzwa kwa bahati mbaya. Akasema hapana, kiwanda chenyewe hukata mstari ule kuonyesha kwamba chombo kina kasoro na si cha daraja la kwanza. Tukacheka. Nikamwambia ni heri Bwana hatukati mistari migongoni, maana sisi sote tungekuwa nayo.

Kisha tukafika kwenye meza ya vikombe vizuri ajabu, kila kimoja na sahani zake mbili, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Akaniambia kwamba zamani msichana akipata Kipaimara, shangazi na majirani walimpa kikombe kimoja kimoja cha namna hiyo, naye aliendelea kuvikusanya hadi vikajaa kabati. Nikauliza, "Sasa kwa nini viko hapa?"

Hapo ndipo aliponieleza vitu hivi vinakotoka. Mzee akifariki, na watoto wanaishi mbali katika nyumba ndogo, huwaita watu ambao kazi yao ni kuondoa vitu vyote ndani ya nyumba. Wanakuja na lori, na kwa siku moja au mbili nyumba inabaki kuta. Kinachouzika kinaletwa sokoni, kisichouzika kinatupwa. Nilitazama tena zile meza, na furaha yangu ikapungua. Sikuona tena vitu vya kale, niliona nyumba za marehemu.

Mbele kidogo palikuwa na mzee aliyekuwa akiuza fremu, zimepangwa kwenye boksi kama vitabu. Nikazipekua. Moja ilikuwa na mti mzuri mweusi, na ndani yake karatasi iliyopakwa rangi: madhabahu, malaika wawili, maua pembeni, na maandishi ya Kijerumani cha zamani ambayo sikuweza kusoma hata herufi moja. Nikampa mwenyeji wangu. Akavaa miwani, akasoma polepole. Ilikuwa kumbukumbu ya Kipaimara ya msichana mmoja, Jumapili ya Matawi, mwaka 1921. Palikuwa na jina lake kamili, jina la kijiji, sahihi ya mchungaji, na neno alilopewa siku ile liwe lake maisha yote: Ufunuo 2:10, pale Bwana anapomwahidi taji la uzima yule atakayebaki mwaminifu mpaka kifo.

Nikauliza bei. Yule mzee akasema euro tano, kisha akaongeza maneno ambayo mwenyeji wangu alisita kuyatafsiri. Nikamsihi. Akasema, "Anasema tano ni ya fremu. Karatasi unaweza kuitupa, uweke picha yako."

Moyo wangu ulichemka. Nilitaka kumwambia yule mzee kwamba hapo kuna jina la mtu aliyepiga magoti, kwamba kwetu hatuwezi kufanya hivyo, kwamba sisi tunawaheshimu wazee wetu. Nililipa euro tano bila kupunguza bei, mara ya pekee maishani mwangu, nikaifunga fremu kwenye kitenge na kuondoka kwa hasira. Kwenye tramu nilikuwa naendelea kuhubiri kimoyomoyo juu ya Wazungu na mambo yao.

Usiku sikupata usingizi. Swali moja lilinijia taratibu na likakataa kuondoka: cheti cha Kipaimara cha mama yangu kiko wapi?

Mama alipata Kipaimara miaka ya hamsini. Cheti chake alikitunza ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kadi zetu za ubatizo na risiti za kahawa za baba. Alikuwa akikitoa kila mmoja wetu alipofikia siku yake ya Kipaimara, anatuonyesha, anakirudisha. Alipofariki, na tanga lilipokwisha, sisi watoto tulikaa kugawana vitu. Vya thamani havikuwa vingi. Kulikuwa na saa ya ukutani ya kujaza kwa ufunguo, aliyoinunua baba kwa fedha za kahawa. Mdogo wangu, aliyemuuguza mama miaka minne, aliomba apewe saa hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiijaza kila Jumapili mama aliposhindwa kunyanyua mkono. Mimi nilisema hapana. Nilisema mimi ni kifungua mimba. Maneno yalikuwa mengi, na mengine sitayaandika humu. Niliichukua saa ile siku hiyo hiyo, nikaipakata kwenye gari mpaka mjini.

Tangu hapo, miaka miwili, tulikuwa tunasalimiana misibani tu. Mara mbili tulipiga magoti kwenye meza moja ya Bwana kule nyumbani, yeye upande huu na mimi upande ule, tukainuka na kwenda zetu.

Kulipopambazuka nilimpigia simu. Alipokea kwa wasiwasi, maana hakuzoea kuona jina langu. Baada ya salamu nikamuuliza kama anajua kilipo cheti cha mama, kile cha kwenye sanduku la bati. Alinyamaza kwa muda.

"Dada," akasema, "karatasi zile tulizichoma. Kwenye shimo nyuma ya migomba."

"Nani aliyesema zichomwe?"

"Ni wewe, Dada. Ulisema tusihangaike na makaratasi, tutoe sanduku, hilo zuri litamfaa mtu."

Nilikaa kitandani nikiwa na simu sikioni. Nilikuwa nimekumbuka. Ni kweli nilisema. Nilisema huku nikiiangalia saa ukutani, nikiogopa mtu ataitwaa kabla yangu. Yule mzee wa sokoni alikuwa akiuza fremu ya mtu asiyemjua. Mimi nilichukua sanduku na kuchoma jina la mama yangu mzazi.

Katika Luka 12 kuna mtu mmoja katikati ya umati aliyemwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya watu wajilinde na tamaa, kwa kuwa uhai wa mtu hautokani na wingi wa vitu alivyo navyo. Habari hiyo nimeifundisha kwenye jumuiya si mara moja. Kila mara nilijiweka upande wa wasikilizaji. Asubuhi ile kule Leipzig nilijikuta mimi ndiye yule mtu katikati ya umati.

Nilimwambia mdogo wangu, "Nisamehe. Saa ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo." Hakujibu mara moja, nami sikumlaumu. Baadaye akasema, "Utarudi lini?" Nikamtajia siku. Akasema, "Basi uje tule pamoja."

Niliporudi nilimpelekea saa. Haikuwa rahisi kama inavyosomeka hapa. Alipoitundika na kuijaza, sote wawili tulilia, kisha tukarudia baadhi ya yale maneno ya siku ile, safari hii kwa sauti ya chini, mpaka yakaisha. Bado yako machache. Tunaendelea kuyamaliza.

Ile fremu nimeitundika kwangu, kwenye msumari ulioachwa na saa. Wageni huniuliza kama ni ya mmisionari. Nawaambia ni ya msichana wa Kipaimara wa mwaka 1921 ambaye hakuna ndugu aliyemtunzia karatasi yake. Halafu nawaambia kwamba mama yangu naye hana karatasi, na sababu ni mimi. Sipati raha kulisema, lakini nimeona ni afadhali kulisema.

Yesu aliwaambia wale sabini waliorudi na furaha kwamba wafurahie zaidi kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Hilo ndilo ninalolishika. Kitabu kile hakifutiki kwa moto wa migomba wala hakiuzwi mwishoni mwa mwezi. Jina la mama limo. La yule msichana limo. Lakini sitaki neno hilo zuri linifunike nisione nilichofanya. Mungu anayatunza majina yetu mbinguni, nasi ametuachia duniani kazi ya kutunzana sisi kwa sisi, na mimi kazi hiyo niliibadilisha kwa saa ya ukutani.

Ndugu msomaji, huenda nawe nyumbani mwako kuna kitu kilichokuja kwa kumuumiza ndugu: shamba, kitanda, ng'ombe, saa. Usingoje usafiri mpaka Ulaya ndipo ukikumbuke. Kichukue, umpelekee mwenyewe, mle pamoja. Na zile karatasi za wazee, kabla ya kuzipeleka shimoni, keti kwanza uzisome.

Bwana atusaidie. Amina.