Upande Mweusi Kwanza

Kuna mabishano yasiyokwisha kwa sababu hakuna anayetaka yaishe. Mashabiki wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, wana lao: ipi kati ya albamu zake kumi na tano za studio ndiyo bora? Wengi hutaja "A Night at the Opera" ya mwaka 1975, yenye ule wimbo mrefu ambao hata asiyeijua bendi anaujua, "Bohemian Rhapsody". Wanaojihesabu kuwa mashabiki wa ndani hutabasamu kwa huruma, kisha hutaja "Queen II" ya mwaka 1974. Wapo wa "Sheer Heart Attack". Wapo pia wale ambao "Innuendo" iliwaliza, kwa kuwa ilitoka Februari 1991 na mwimbaji akafa Novemba ya mwaka huo huo. Wa "Hot Space" mimi sijakutana naye, na nikikutana naye nitampa kiti.

Juu ya jambo moja hawagombani. "Greatest Hits" ya mwaka 1981 haimo katika hesabu. Hiyo ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza, ya bendi yoyote ile, na bado hakuna shabiki atakayethubutu kuileta barazani. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba ule ni mkusanyo wa nyimbo, wala si albamu. Hapo sisi watu wa mashairi tunapaswa kutega sikio. Ni mara ngapi tumeona mashairi arobaini mazuri yamebanwa ndani ya jalada moja, na bado tukasita kuuita mkusanyo huo diwani?

Ubishi huu nimeuendesha kwa karibu miaka arobaini, na mtu mmoja tu.

Tulikutana mwaka 1983 katika chuo cha ualimu, bara. Yeye alitoka Unguja, na kitanda chake kilikuwa mkabala na changu. Nchi ilikuwa katika uhaba wa karibu kila kitu: sabuni, sukari, khanga, betri. Mwenzangu alikuja na redio kaseti ndogo na mkanda mmoja wa dakika tisini, aliopewa na binamu yake baharia. "A Night at the Opera" ina dakika arobaini na tatu na sekunde chache. "Queen II" haifiki arobaini na moja. Kwa hiyo kila albamu ilienea upande mmoja wa mkanda bila kukatwa, na mtu tusiyemjua aliandika majina yake juu ya karatasi kwa kalamu ya risasi. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa usiku mmoja zaidi. Usiku mmoja, upande mmoja. Aliyeshinda hoja ndiye aliyechagua upande, na ndiyo maana hoja zetu zilinolewa kwa bidii ambayo wakufunzi wetu hawakupata kuiona darasani.

Mimi nilikuwa wa "A Night at the Opera". Nilisema, na hadi leo nasema, kwamba albamu ile ni bahari. Inafungua kwa kijembe kikali kwa mtu ambaye wimbo haumtaji kwa jina, jambo ambalo mshairi yeyote wa mwambao angelitambua mara moja. Ina wimbo wa Brian May, "'39", wa mabaharia wa angani wanaosafiri mwaka mmoja kwa hesabu yao na kurudi nyumbani wakakuta vizazi vimepita. May alikuwa amesomea fizikia ya nyota, na sayansi hiyo ameitia ndani ya wimbo mwepesi wa gitaa ambao ungeweza kuimbwa na wavuvi. Kuna "Seaside Rendezvous", ambamo tarumbeta na zumari unazozisikia si tarumbeta wala zumari, ni midomo ya Freddie Mercury na Roger Taylor. Kuna "The Prophet's Song", dakika nane na zaidi, ambapo katikati sauti moja inajiimbia na mwangwi wake hadi unasikia umati. John Deacon, mkimya wao, naye ana wimbo wake. Watunzi wanne, mikono minne, na kila bahari imeguswa. Nilimwambia mwenzangu: hii ni diwani yenye tarbia, takhmisa na utenzi ndani yake.

"Hilo ni soko, Mwalimu," alinijibu. Tulikuwa tumeanza kuitana walimu kabla ya kuhitimu. "Kila kitu kipo, na hakuna kinachomjua mwenziwe."

Hoja yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa subira ya mtu anayefundisha: mpangilio. "Queen II" ilianza, alivyosema, gizani, kwa "Ogre Battle", sauti zikirudi kinyumenyume kama maji yanayovutwa na bahari kabla ya wimbi. Kisha nyimbo zinashikana. Wimbo wa majitu unamwagikia katika wimbo wa mchoro wa Richard Dadd, nao unamwagikia katika "Nevermore", bila pumzi katikati. Yeye aliita hiyo pindu, kwa sababu mwisho wa ubeti mmoja ndio mdomo wa ubeti unaofuata. Halafu, nusu ya pili, giza linaondoka. Zinakuja nyimbo za Brian May, taratibu, nyeupe, mwana na baba, malkia katika mwanga. Na mwisho kabisa, peke yake kama mtu aliyesahauliwa kizimbani, unakuja wimbo wa Roger Taylor kuhusu mama ambaye mwanawe amekua na kumwacha. "The Loser in the End" ni wimbo wa kelele, wala si miongoni mwa bora zao. Lakini mwenzangu alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, na alivuka bahari kuja chuoni akamwacha ukingoni. Wimbo ule ulipoisha alikuwa akiizima redio mara moja, ili pasisikike kitu kingine baada yake.

"Hakuna albamu nyingine inayothubutu kumalizia hapo," alisema. "Kutoka majitu hadi kwa mama."

Sikukubali, ila niliheshimu. Miaka ikapita. Tukapangwa shule tofauti, tukaoa, tukabishana kwa barua. Tulipojua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi, na kwamba aliondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, nilidhani ataitumia habari hiyo kama silaha. Hakuitumia. Alisema tu kwamba katika "Bohemian Rhapsody" kuna neno la Kiarabu ambalo tenzi zetu nyingi zimefunguliwa nalo, na kwamba hiyo ni nukta kwa upande wangu, na akanipa nukta hiyo kwa mwandiko mzuri.

Mwaka 1998 nilikuwa nyumbani kwa mwalimu kijana aliyekuwa na diski ya "Queen II". Nikamwomba aicheze. Ikaanza "Procession": gitaa la polepole, ngoma kama moyo unaopiga, mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Nikamwambia ameruka nyimbo. Akanionyesha jalada. Nyimbo nyeupe zilitangulia, nyeusi zikafuata.

Nilidhani kwanza kwamba ni kosa la waliotengeneza diski. Haikuwa hivyo. Baadaye niliiona santuri yenyewe, na nikaelewa kila kitu. Pande za santuri ile hazikuitwa A na B, wala 1 na 2. Moja iliandikwa Upande Mweupe na nyingine Upande Mweusi. Yule aliyenakili mkanda wetu, popote alipokuwa, alishika santuri isiyomwambia pa kuanzia, akaiweka kama ilivyoangukia mkononi. Mweusi kwanza. Albamu iliyotoka kwa Queen inaanza kwa maziko na kuishia kwa "Seven Seas of Rhye", ambapo umati unaimba wimbo wa zamani wa Waingereza wanaokwenda kustarehe ufukweni. Wimbo wa mama umekwama katikati, mwisho wa upande wa kwanza, mahali ambapo msikilizaji anainuka kugeuza santuri.

Kwa hiyo albamu ambayo mwenzangu aliipigania kwa miaka kumi na tano haikupata kutungwa na mtu yeyote. Aliitunga mnukuzi, kwa kukosea.

Hilo halipaswi kutushangaza sisi. Miswada ya "Al-Inkishafi" tuliyorithi hailingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake, na wahariri wameumiza vichwa juu ya ubeti upi ufuate upi. Tunausoma utenzi huo kupitia mikono ya watu waliounakili wakiwa na usingizi, au haraka, au mapenzi yao wenyewe. Nilijua hayo yote. Niliyafundisha. Bado nilikaa na siri ya mkanda ule kwa miaka sita, kwa sababu sikujua namna ya kumpa.

Nilimwambia mwaka 2004, barazani kwake, baada ya kahawa ya pili. Nikiri kwamba haikuwa kwa ajili ya ukweli peke yake. Alikuwa amenibana kuhusu soko langu, na nilitaka kushinda. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi wamekosea wao." Tukacheka, wote wawili, na nikadhani imepita.

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa na diwani. Alikuwa akiandika tangu chuoni katika madaftari ya shule, mashairi hamsini na mawili, na alikwishayapanga kwa nambari za wino mwekundu kwenye pembe za kurasa. Mpangilio ule niliutambua mara tu nilipouona. Unaanza na mashairi ya majitu: njaa, vita, hofu ya bahari usiku. Mashairi kadhaa yanashikana kwa pindu. Kisha mwanga unakuja kidogo kidogo, na la mwisho ni tarbia ya beti kumi na nne kuhusu mama aliyesimama gatini akiitazama boti hadi imekuwa nukta. Baada yake hakuna kitu. Kurasa tatu tupu.

Lakini pembeni mwa nambari nyekundu ziko nambari za bluu. Za bluu zinaanza na mwanga. Shairi la mama linakuwa la ishirini na tatu, katikati. Diwani inaishia kwa shairi la sherehe, zuri, lenye vina vya kuchezea, ambalo lingefaa kuishia diwani ya mtu mwingine. Chini ya ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya bluu. Ni wiki mbili baada ya ile kahawa.

Alifariki mwaka juzi. Binti yake aliniletea madaftari na kuniomba niandae mswada. "Ami, wewe ndiye uliyekuwa ukibishana naye," aliniambia, kana kwamba hiyo ni sifa ya uhariri, na huenda ni kweli.

Nimekaa na madaftari hayo kwa miezi minne. Kanuni naijua: mtunzi akibadili mwenyewe, kwa mkono wake, na akaweka tarehe, neno lake la mwisho ndilo neno. Lakini najua pia kilichomsukuma. Hakuyabadili mashairi kwa sababu ya mashairi. Aliyabadili kwa sababu mimi nilimwambia kwamba watu wanne huko London walipanga vingine, na mtu aliyekuwa na sikio bora kuliko langu akayaonea aibu masikio yake. Nimeisikiliza "Queen II" kwa mpangilio halisi mara nyingi mwaka huu. Ni albamu njema. Ile ya mkanda ni bora kuliko hiyo, na ni bora kuliko "A Night at the Opera" pia. Naandika hayo hapa kwa kuwa sikuwahi kumwambia.

Mswada nimeumaliza Jumapili. Nimefuata wino wa bluu, kama alivyotaka. Katika utangulizi nimeeleza kwamba kuna mpangilio wa awali, na nimeorodhesha nambari zake zote hamsini na mbili ili msomaji mwenye subira aweze kuufuata. Binti yake amesoma na kuridhika. Nakala ya kwanza imekwenda kwa mchapishaji kwa basi la alfajiri.

Ya pili nimejifungia mwenyewe kwa sindano na uzi, kwa mpangilio wa wino mwekundu, kurasa tatu tupu zikiwemo.